Mtoto anazimia akikimbia, kaka alifia uwanjani: je, akili mnemba itatusaidia?

SWALI: Shikamoo, Daktari. Ninaandika kutoka Kibirizi, Kigoma. Kaka yetu alianguka akicheza mpira akiwa na miaka 22, akafa kabla ya kufikishwa hospitali. Miaka ya nyuma baba mdogo, mvuvi aliyekulia majini, alizama mchana ziwa likiwa shwari. Sasa binti wa dada yangu, miaka 11, ameshazimia zaidi ya mara moja akikimbia. Zahanati walisema ni kifafa. Baadaye alipimwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, tukaambiwa moyo hauna tatizo. Baba yetu yuko hai, ana presha tu. Nyumbani wanasema huu ni mkono wa mtu. Nimesikia redioni kwamba siku hizi akili mnemba inasoma ECG na kugundua magonjwa ya moyo ya kurithi. Je, nipige picha ile karatasi ya mtoto niitume mahali? Na ukoo mzima tunaweza kupimwa kwa njia hiyo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Poleni sana kwa misiba hiyo.

Nianze na mtoto, maana yeye hawezi kusubiri nimalize maelezo. Kuanzia leo asikimbie mashindano, asicheze rede wala mpira shuleni, na asiingie ziwani kuogelea, hata akiwa na wenzake, mpaka aonwe na daktari wa moyo. Mwalimu wake aelezwe sababu. Akianguka tena na ikaonekana hapumui, aliye karibu amlaze chali, aweke mikono katikati ya kifua na kukandamiza kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta gari. Wafundisheni hilo watu wote wa nyumbani, pamoja na vijana.

Kuhusu maswali yako mawili: picha usiitume kokote kwa sasa, na sababu nitaieleza. Kupimwa ukoo mzima, ndiyo, tena mngekuwa mmeshapimwa zamani. Kazi hiyo inaanza na ECG ya kawaida pale mkoani kwenu, iwe kuna akili mnemba au hakuna.

Kilichonishtua katika barua yako ni jinsi watu hawa watatu wanavyohusiana. Baba mdogo, kaka yako, mtoto wa dada yako: wote wanakutana kwa baba yenu. Magonjwa mengi ya moyo ya kurithi hupitia kwa mzazi mmoja tu. Mzazi mwenye jeni yenye hitilafu humpa kila mtoto uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi, awe wa kike au wa kiume. Kama ni ugonjwa mmoja uliowapata wote watatu, basi umepitia kwa baba yenu na kwa dada yako, ingawa wao hawajawahi kuanguka hata siku moja. Hilo si jambo la ajabu. Wako watu wanaobeba jeni za namna hii hadi uzeeni bila dalili yoyote, na watoto wao wakapata ugonjwa mkali. Kwa hiyo ECG ya mzee na ya dada yako zina thamani kubwa kuliko mnavyodhani, hata kama wote wawili watawaambia kwamba wao ni wazima.

Magonjwa ninayoyafikiria ni matatu. La kwanza ni misuli ya moyo kunenepa kwa kurithi, ambalo linakadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 500. Ukuta wa moyo, hasa ule unaotenganisha vyumba vya chini, unanenepa bila kuwepo sababu nyingine kama presha. Kwa mtu mzima kipimo cha ECHO, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kikionyesha milimita 15 au zaidi tunalitaja kwa jina, na kwa ndugu wa mgonjwa tunaanza kushuku kwenye milimita 13. Vijana wanaofia uwanjani, baadhi yao ndilo linalowaua.

La pili ni ugonjwa wa QT ndefu (QT ni muda ambao umeme wa moyo hutumia kwa pigo moja na kujiandaa upya, unaosomwa kwenye ECG), unaokadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 2,000. Hapa nyama ya moyo ni nzima kabisa, ECHO haionyeshi kitu, hata ukipasua maiti hutaona kasoro. Tatizo liko kwenye umeme: moyo unachelewa kujiandaa kwa pigo linalofuata, na ukishtuliwa katika muda huo mapigo yanavurugika, damu haisukumwi, mtu anaanguka. Aina ya kwanza ya ugonjwa huu, inayotokana na jeni ya KCNQ1, inajulikana kwa kushtuliwa na mazoezi, na zaidi ya yote na kuogelea. Ndiyo maana habari ya baba mdogo sikuipita haraka. Mvuvi anayejua maji, ziwa shwari, mchana, halafu anazama: kwa daktari wa moyo hicho ni kifo cha kuchunguzwa, na kwa watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika ningependa kila daktari aulize kama kuna aliyezama hivyo katika kila familia yenye historia ya kuzimia. Aina ya pili ya ugonjwa huo hushtuliwa na kelele za ghafla, simu inayolia au kengele ya kumwamsha mtu. Ya tatu huja zaidi usingizini.

La tatu ni lile ambalo moyo unavurugika tu mtu akikimbia au akishtuka sana, na mara nyingi hujitokeza utotoni. ECG akiwa amelala kitandani ni safi. ECHO ni safi. Ni kipimo cha ECG cha mazoezi, chini ya uangalizi wa daktari, kinacholifichua. Kwa mtoto anayezimia akikimbia, siwezi kuliondoa kwenye orodha kwa sababu ya karatasi moja iliyosema hana tatizo, na hakuna akili mnemba inayosoma ECG ya kitandani ambayo ningeiamini kuliondoa.

Na kifafa? Siwalaumu waliosema hivyo, kwa sababu damu isipofika kwenye ubongo kwa sekunde kadhaa mtu hukakamaa na kurusha mikono na miguu, na anayeshuhudia ataona degedege. Lakini muulizeni mtoto na waliomwona. Alianguka katikati ya mbio, ghafla, akiwa mweupe usoni? Aliamka haraka akiwa na akili zake, akauliza kilichotokea? Hiyo inaelekea kwenye moyo. Anayetoka kwenye kifafa kwa kawaida huamka amechanganyikiwa, ana usingizi mzito, wakati mwingine ameuma ulimi pembeni. Kama mtoto ameanzishiwa dawa za kifafa msizikatize wenyewe. Zipelekeni kwa daktari azione.

Sasa niingie kwenye hicho ulichosikia redioni. ECG haipigi picha ya moyo. Inaandika umeme unaopita ndani ya moyo kila unapopiga, kwa kutumia nyaya 10 zinazotoa mistari 12, kwa kawaida kwa sekunde 10. Karatasi ina miraba, na mraba mdogo mmoja ni sekunde 0.04. Ili kupata QT, daktari hupima tangu wimbi la Q linapoanza hadi wimbi la T linapoisha, halafu hurekebisha kulingana na kasi ya mapigo, mara nyingi kwa kanuni ya Bazett ya mwaka 1920. Tofauti kati ya milisekunde 440, ambazo hazinisumbui, na 480, ambazo zinanifanya nimwite mgonjwa arudi, ni mraba mdogo mmoja. Kwenye karatasi iliyochapwa vibaya, katika kliniki yenye foleni hadi nje, mraba mmoja unapotea kirahisi. Na yale maneno ya Kiingereza ambayo mashine yenyewe huyachapa juu ya karatasi, kwamba ECG ni ya kawaida, mara nyingi ni hesabu za kanuni za zamani, tena hayajui kabisa kwamba mjomba wa mtoto alifia uwanjani.

Akili mnemba inafanya kazi kwa njia nyingine. Watafiti wanailisha maelfu ya ECG ambazo majibu yake yanajulikana tayari: hii ya mgonjwa aliyethibitishwa kwa ECHO au kwa vinasaba, hii ya asiye na ugonjwa. Programu inarekebisha hesabu zake mara nyingi mno mpaka inaweza kutenganisha makundi hayo mawili, ikitumia umbo la mawimbi kwa ujumla kuliko kipimo kimoja. Ni kama mama wa Kibirizi anayetambua dagaa wa leo na wa juzi kwa kuwatazama tu, asiweze kukueleza ameona nini. Hiyo ndiyo nguvu yake, na ndiyo shida yake pia, kwa sababu inapokosea haikuambii kwa nini.

Matokeo yake si porojo. Mwaka 2020 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha programu ya kutambua misuli ya moyo iliyonenepa, iliyofundishwa kwa ECG za wagonjwa 2,448 na watu 51,153 wasio na ugonjwa huo. Ilipojaribiwa kwa watu wengine, iliwakamata wagonjwa 87 katika kila 100, na iliwaacha salama watu 90 katika kila 100 wasio na ugonjwa. Mwaka 2021 wenzao wa hospitali hiyo hiyo walifanya jambo linalokuhusu zaidi. Walichukua watu wenye ugonjwa wa QT ndefu ambao QT yao kwenye karatasi iko chini ya 450, yaani wale ambao daktari angewaambia mko sawa. Ukimweka mmoja wao kando ya mtu asiye na ugonjwa, programu humpa mgonjwa alama ya juu takriban mara 86 kati ya 100. Kipimo cha QT peke yake hufanya hivyo takriban mara 74. Maana yake ni kwamba ndani ya ECG inayoitwa safi kuna habari ambayo macho yetu hayaioni. Na Agosti 2023 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, iliruhusu programu ya kampuni ya Viz.ai itumike hospitalini kuonyesha wanaoshukiwa kuwa na misuli iliyonenepa.

Wengi wakisoma takwimu hizi hukimbilia kusema basi tupime mji mzima. Hebu tuhesabu pamoja. Chukua watu 10,000 wa Kigoma Ujiji. Kwa makadirio ya 1 kati ya 500, wenye misuli iliyonenepa kwa kurithi ni kama 20. Programu ya 2020 itawakamata 17. Lakini katika wale 9,980 waliobaki itakosea kwa 10 katika kila 100, yaani itawashtua watu 998 wasio na ugonjwa huo. Kwa hiyo utakuwa na watu 1,015 wenye hofu, wote wanahitaji ECHO, na walio wagonjwa kweli hawafiki 2 kati ya kila 100. Nani atawapima wote hao? Atakayekosa nafasi ni mgonjwa wa kweli.

Geuza sasa. Chukua ndugu na watoto 100 wa mtu aliyethibitika kuwa na ugonjwa, ambao nusu yao wamekwisha kuupata. Programu ile ile, bila kubadilishwa chochote, itawakamata kama 43 na kuwashtua bure 5 tu. Anayeambiwa anashukiwa, ana uwezekano wa takriban 9 kati ya 10 kuwa mgonjwa kweli. Hesabu hii ni ya mfano, kwa sababu kijana anaweza kuwa na jeni na misuli ikawa haijanenepa bado. Lakini ndiyo sababu nasimama kidete kwenye jambo hili: hospitali zetu za mikoa zitakapopata programu hizi, zianze na ukoo kama wenu kabla ya kufikiria mabango na kampeni za kupima umma.

Kuna jambo jingine linalonikosesha raha. Mioyo mingi iliyofundisha programu hizi ni ya watu wa Minnesota, jimbo la Marekani iliko Mayo Clinic, na wengi wao ni Wazungu. ECG ya kijana Mwafrika mwenye afya, hasa anayefanya mazoezi makali, mara nyingi ina mawimbi makubwa, na wakati mwingine wimbi la T lililopinduka kwenye nyaya za mbele ya kifua, hali ambayo kwake ni ya kawaida. Huku magharibi mwa Tanzania tuna pia presha isiyotibiwa, inayonenepesha moyo bila urithi wowote, na selimundu, inayoupanua. Baba yenu ni mfano hai: akiwa na presha ya miaka mingi, mashine inaweza kusema moyo wake umenenepa na ikawa kweli, lakini kwa sababu tofauti kabisa. Tumeshaonywa kwenye vinasaba. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mabadiliko kadhaa ya jeni yaliyokuwa yakiitwa chanzo cha ugonjwa wa misuli ya moyo kunenepa yalikuwa ya kawaida tu kwa Wamarekani Weusi, na wapo waliokuwa wameambiwa wana ugonjwa wa kurithi kimakosa, kwa sababu Waafrika walikuwa wachache mno katika tafiti za mwanzo. Ni haki kusema pia kwamba programu ya Mayo ya kutambua moyo uliopungukiwa nguvu ilipochunguzwa mwaka 2020 ilifanya kazi kwa kiwango kinacholingana kwa watu wa asili mbalimbali. Kwa hiyo siikatai. Nataka ijaribiwe kwa ECG za hapa Tabora niliko na za Kigoma kabla haijaamua hatima ya mtu wa Tabora au Kigoma.

Sasa ile picha ya karatasi. Kusoma ECG kutoka kwenye picha kunawezekana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha hivyo mwaka 2023 kwa moyo uliopungukiwa nguvu. Ila programu za mazungumzo zilizo kwenye simu zetu si hizo. Ukizipa picha zitakujibu kwa lugha tamu na kwa ujasiri, na hazikupimwa kwa kazi hii. Zikikwambia mtoto hana tatizo, mtalegea, na mkilegea anaweza kurudi ziwani. Isitoshe, taarifa za afya ni taarifa binafsi nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Karatasi yenye jina la mtoto haifai kuzungushwa kwenye makundi ya simu. Hata hivyo karatasi yenyewe itunzeni vizuri. Nyingi huchapwa kwa joto, na wino wake hufifia kwa jua na muda. Itoeni nakala, na msiipeleke kuwekewa plastiki kwa moto, itakuwa nyeusi yote.

Mwendo wenyewe ni huu. Mtoto, mama yake na babu yake waende pamoja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Ombeni kuonana na daktari bingwa wa magonjwa ya ndani au wa watoto, na mwambieni kwa sentensi moja: "Katika ukoo wetu kuna vifo viwili vya ghafla na mtoto huyu anazimia akikimbia." Ombeni QT ipimwe kwa mkono. Kabla ya kwenda, chora ukoo kwenye daftari kuanzia kwa babu na bibi: nani alikufa, akiwa na umri gani, akifanya nini. Walioambiwa wana kifafa, waliozama, wachanga waliofia usingizini, waandike wote. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko programu yoyote. Zikihitajika ECHO ya kina au ECG ya mazoezi, rufaa huenda Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Madaktari wa taasisi hiyo pia huja mikoani kwa tiba mkoba, kwa hiyo ulizeni Maweni ratiba ikoje. Mtoto ndiye wa kwanza. Ikiwa ni QT ndefu au lile la tatu, kuna vidonge vya kutuliza moyo, kama propranolol, vinavyopunguza hatari kwa kiasi kikubwa, lakini msivinunue dukani kwa kubahatisha: kwa mwenye pumu vinaweza kuleta balaa.

Mpaka hapo mtakapopata majibu, angalieni dawa. Dawa mseto ya malaria, ALu, huweza kurefusha QT kidogo, na maelezo yake yanatahadharisha kwa mwenye QT ndefu ya kuzaliwa au ukoo wenye vifo vya ghafla. Kwinini, erithromisini na flukonazoli nazo zimo. Malaria ya Kigoma inaua, kwa hiyo mtoto akiugua apimwe na atibiwe haraka bila kusita. Mnachotakiwa ni kumwambia mtoa dawa historia ya ukoo ili achague na kumfuatilia. Kuharisha na kutapika kwingi pia ni hatari kwake kwa sababu mwili unapoteza potasiamu.

Kuhusu mkono wa mtu, siwezi kuingia kwenye vikao vya wazee wako nikiwa Tabora. Nawaomba tu wakubali kupimwa kwanza. Huku kwetu vikongwe wameuawa kwa tuhuma za vifo ambavyo hakuna aliyewahi kuvichunguza, na ukoo uliopoteza vijana wawili unatafuta wa kumlaumu kwa haki ya uchungu wake. Mzee akikataa kwa sababu ya heshima, mwambie anaombwa kama shahidi, kwa kuwa moyo wake unaweza kueleza yaliyowapata mdogo wake na mwanawe.

Wakipatikana wenye ugonjwa, ndugu wote wa damu upande wa baba wapimwe. Watakaokutwa salama wasijihesabu wamemaliza: kwa misuli iliyonenepa, watoto na vijana hurudiwa kila mwaka 1 hadi 2, watu wazima kila miaka 3 hadi 5, na yeyote atakayezimia au kuhisi moyo ukienda mbio bila sababu arudi siku hiyo hiyo.